Hakuna kitabu cha Novatus

Jumamosi, katikati ya Desemba. Mkuyuni.

Tangu alfajiri mvua inanyesha, inaacha, inanyesha tena. Ziwa halionekani kutoka kwetu mlimani. Mahali lilipo kuna weupe tu. Mkono wangu wa kushoto nimeufunga kitambaa na unauma, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Sababu nitaifikia.

Leo sina moyo. Nalisema mapema ili aliyekuja hapa kutafuta maneno ya kutia nguvu asipoteze bando lake.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: naitwa Koku, nimemaliza kidato cha tatu, niko nyumbani kwa likizo. Baba anafundisha hesabu sekondari. Mama anashona nguo hapa hapa nyumbani. Nina mdogo wangu mmoja, Novatus, ana miaka minane. Hasikii. Akiwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Maneno machache aliyokuwa ameanza kusema yalipotea moja moja. Alikuwa anasema "maji", alikuwa anasema "mama", alikuwa anasema "Koku". Jina langu lilikuwa la mwisho kupotea.

Alifika darasa la tatu. Watoto darasani kwao walikuwa wengi, mwalimu mmoja, na Novatus ni mtulivu. Halafu ana mwandiko. Kila kilichoandikwa ubaoni alikihamisha kama kilivyo, hata nukta, na mwalimu aliweka vema nyekundu. Nyumbani tulifurahi. Mama aliwaonyesha wateja wake. Mpaka siku moja, mwezi wa tisa, baba akaandika neno "sato" nyuma ya kalenda ya zamani, akapanga mezani picha ya samaki, ya ng'ombe na ya baiskeli, akamwashiria achague inayolingana na neno.

Novatus akalitazama lile neno. Akachukua kalamu, akaliandika tena chini yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wa baba.

Akatabasamu, akasubiri vema yake.

Baba alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Wiki ileile alimtoa shule.

Ipo shule ya bweni ya watoto viziwi, mkoa mwingine. Baba alishapiga simu akaambiwa nafasi ipo moja, wataishikilia mpaka mwezi huu uishe. Mama hataki itajwe mezani. Basi nilipofunga shule baba akanigeukia. "Koku, wewe ndiye Kiswahili chako kinasifiwa. Tafuta vitabu vya kumfundishia hapa nyumbani, tafuta na michezo ya kufundishia, uniambie cha kununua. Mama yako atakuwa anamfundisha asubuhi. Kikitosha, ile nafasi tunaiachia."

Kikitosha. Neno hilo nimelibeba tangu likizo ianze, na Jumatatu baba anataka jibu.

Nilianza kwa furaha, nakiri. Nilijiona mwalimu. Niliazima vitabu vya darasa la kwanza kwa jirani, nikapakua vingine kwenye simu, nikaenda steshenari kuchapisha chati za silabi zenye picha. Nikavitandaza vyote sakafuni, nikaanza kuchagua.

Kitabu cha kwanza kilisema: sikiliza, kisha rudia. Cha pili: imba pamoja na mwenzako. Cha tatu: tamka kwa sauti, je, neno hili linaanza na sauti gani?

Sikuwahi kuliwaza hili. Mimi nilijifunza kusoma kwa kuimba, darasa zima tukitikisa madawati, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, na nilipokutana na neno lenyewe kwenye karatasi lilikuwa limeshakaa sikioni siku nyingi. Herufi zilikuja juu ya kitu nilichokuwa nacho tayari. Novatus hana kitu hicho.

Nikachukua penseli nikawa nakata kila zoezi linalohitaji sikio. Kitabu cha kwanza kilibaki na kupaka rangi na kunakili. Cha pili kilibaki na kupaka rangi na kunakili. Cha tatu sikukimaliza.

Kunakili anakuweza. Ndiko kulikotufikisha hapa.

Video za kwenye simu nazo ni nyimbo tupu. Kuna katuni za wanyama wanaorukaruka huku maneno yakipita chini kwa kasi. Novatus aliwapenda wale wanyama, akaruka nao mpaka akachoka, akalala.

Nikapata tovuti ya wazazi wa nchi za mbali wanaofundisha watoto wao nyumbani. Ratiba yao ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliona wivu: kila wiki ina shughuli yake, na kila shughuli ina picha ya mtoto anayecheka. Wiki ya kwanza, okoteni majani yaliyopukutika mpange kwa rangi. Miti ya hapa haina habari hiyo. Wiki ya pili, tengenezeni mtu wa theluji. Nikaamua mtu wa theluji awe mtu wa udongo. Tulimfinyanga uani, Novatus akamvika kofia ya baba ya kwendea shambani, akamwekea macho ya vifungo vya mama, na kwa mchana mmoja niliamini kwamba tumepata njia.

Mwisho wa ukurasa waliandika: mkimaliza, mwulize mtoto amejifunza nini.

Nimwulize kwa maneno gani? Sisi hapa nyumbani tuna ishara zetu chache. Kula. Njoo. Hapana. Lala. Baba anakuja. Mimi ni kugusa shavu la kulia, kwa sababu nina doa hapo. Hatuna ishara ya "jana". Hatuna ya "kwa sababu". Miaka yote hii sikugundua kwamba hatuna, kwa kuwa sikuwa nimemwuliza kitu kinachozihitaji.

Sikukata tamaa siku hiyo. Nilikata karatasi ngumu, nikaandika majina ya vitu kwa herufi kubwa, nikabandika nyumba nzima. MLANGO kwenye mlango, KITI kwenye viti, JIKO kwenye jiko. Nilidhani akiliona neno kila siku mahali pake, atalielewa. Asubuhi yake nikakuta amezibandua zote, amezipanga upya kwa urefu wa neno, fupi chini, ndefu juu, kwa ustadi mkubwa. Alikuwa ameona kwamba ni mapambo. Nikazirudisha. Akazipanga upya. Jumatano jumuiya ikaja kusali kwetu, na mama mmoja mnene, mpenda utani, akakaa kwenye kiti ambacho Novatus alikuwa amekibandika neno lingine. Alipoinuka akasoma.

"Koku, mwalimu wetu! Kumbe leo mimi nimekalia jiko? Ndiyo maana nahisi joto!"

Walicheka wote, na mimi nikacheka. Mama hakucheka. Aliinuka akabandua karatasi moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye mfuko wa vitambaa, akarudi kukaa, tukaendelea na rozari.

Leo ilikuwa shughuli ya mwisho niliyokuwa nimeipanga: vyombo vya usafiri. Mvua ilipopumzika nikamchukua Novatus tukashuka mjini hadi kwenye kivuko cha Kamanga, tutazame magari yanavyopanda. Mfukoni nilikuwa na kadi mpya. KIVUKO, GARI, MZIGO. Nilipanga nimwonyeshe kitu, halafu kadi, halafu kitu tena.

Sikuitoa hata moja.

Mahali pa kusubiria kulikuwa na wanafunzi wawili, msichana mkubwa kidogo na mvulana mdogo kuliko yeye, wamevaa masweta ya shule, wamekalia tranka zao. Walikuwa wanabishana kwa mikono. Najua ni kubishana kwa sababu msichana aligeuza uso makusudi ili asione jibu, na mvulana akamshika kidevu akamrudisha. Kando yao alikaa mama mmoja wa makamo, mama wa yule msichana. Mvulana ni mtoto wa jirani yake. Alikuwa ametoka kuwapokea stendi, wanavuka kwenda Sengerema kwa likizo.

Novatus alikuwa ameshika sweta langu. Akaliachia.

Akaenda akasimama mbele yao, karibu sana. Msichana akacheka, akamsemesha kwa mikono. Kitu kifupi. Mikono ikatulia, nyusi zikapanda, akasubiri.

Novatus akairudia ile ishara. Vilevile, pamoja na nyusi.

Msichana akasema tena, polepole. Novatus akarudia tena, polepole. Msichana akanitazama mimi, akaniuliza kitu, na mimi nikafungua viganja, kwa kuwa sikujua.

"Anamuuliza jina lake," yule mama akaniambia. "Anasema mbona anamrudishia swali, anamtania?"

"Shikamoo, mama. Hamtanii. Hajui."

"Marahaba. Hajui jina lake?"

"Hajui kwamba ameulizwa."

Sikujua kama nalijua jambo hilo mpaka nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu. Mdogo wangu hajui swali ni nini. Hajui kwamba mtu anaweza kutaka kitu kilichomo ndani yake yeye.

"Ana mingapi?" mama akauliza.

"Minane. Anaelekea tisa."

Alinyamaza, akapanga kanga yake mapajani. Kisha akasema, "Huyu wangu nilimpeleka na mitano, ng'wanone, mwanangu. Nililia stendi mpaka kondakta akaninunulia maji. Mwaka wa kwanza akirudi likizo ananikimbia, analilia matroni wake. Sasa mwone."

Msichana alikuwa amesema jambo kwa mikono huku akimwonyesha mama yake, na mvulana akajipinda kwa kicheko. Mama akamchapa begani kwa ncha ya kanga.

"Eti nimenenepa tangu Juni! Mbele za watu! Mtoto huyu hana adabu kwa mikono yote miwili."

Nikacheka. Nilimwambia kwamba sisi tunamfundisha wetu nyumbani. "Vizuri," akasema haraka, "vizuri sana. Mungu atasaidia." Ilikuwa ile sauti wanayotoka nayo watu waliokwenda kumwona mgonjwa asiye na nafuu.

Sikumwuliza watoto wake wanasoma shule gani. Niliogopa isije ikawa ileile.

Wakati huo mvulana alikuwa amefanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. Novatus alipoinua mikono kuiga, yule mvulana aliishika yote miwili kwa mkono mmoja, akaishusha, akaikandamiza ikatulia. Kisha, kwa mkono wake mwingine, akatoa ishara moja na kukionyesha kivuko. Ishara, kivuko. Novatus akajaribu kuiga, akazuiwa tena. Ishara, kivuko.

Novatus akakitazama kivuko. Akautazama mkono wa mvulana. Akakitazama kivuko tena, na uso wake ukawa mzito, kama wa mtu anayesikia harufu ya kitu kinachoungua lakini hajui kiko wapi.

Honi ikalia.

Sijui alikuwa amefika wapi. Sitajua. Watu waliinuka, tranka zikabebwa, msichana akampungia mkono, na mvulana akaachia mikono ya Novatus akakimbia. Novatus akamfuata. Nilimkamata kiuno pale kwenye lango, akajirusha, nikamkaza, akapiga kelele ile yake isiyo na umbo ambayo watu hugeuka kuitazama.

"Mwachie jamani, unamtesa mtoto!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Huyo anataka kwenda kuoa Sengerema," mbeba mizigo akasema, na foleni nzima ikacheka.

Ndipo aliponiuma. Hajawahi kuniuma. Aliuma mpaka damu ikatoka, na sikumwachia, na kivuko kikaondoka.

Nakiri jambo baya. Nilipokuwa nimemshika vile, niliwachukia wale watoto wawili. Mimi nimekaa naye tangu likizo ianze, na vitabu, na udongo, na gundi, na karatasi za rangi. Wao walikaa naye muda ambao gari linatumia kupanda kivuko. Na yeye aliniuma mimi ili awafuate wao.

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Hakugeuka.

Nyumbani mama alidhani nimeumwa na mbwa. Nilipomwambia ni Novatus, alikaa chini na maji ya chumvi, akaniosha, akawa anarudia, "Kwa nini lakini? Umemfanya nini mwenzio?" Nikasema alitaka kupanda kivuko. Huo ni ukweli, ila ni kipande chake kidogo kabisa. Baba akaingia, akautazama mkono, akatikisa kichwa, akauliza nilipofikia. "Jumatatu napita mjini kwenye vitabu. Nikanunue vipi?"

"Bado kidogo, baba," nikasema.

Si kidogo. Hakuna. Nimevipitia vyote nilivyoweza kuvipata, vya kwetu na vya mbali, na sijaona kitabu cha mtoto ambaye hana lugha hata moja. Kitabu chochote nitakachomtajia baba atakinunua, maana ananiamini, na mama atakaa na Novatus kila asubuhi mezani, na Novatus atanakili, na mwandiko utazidi kuwa mzuri. Kisha atafikisha miaka tisa. Kisha kumi.

Wala sijui kama hata hiyo shule itaweza. Yule mama alinyamaza niliposema minane, na kimya kile nilikisikia vizuri. Huenda tumeshachelewa. Na hata ikiweza, itampa lugha ambayo sisi watatu hatuijui. Atarudi likizo na habari zake zote mikononi, na sisi tutasimama mbele yake tumefungua viganja. Kitanda chake kiko hatua chache kutoka changu. Mimi ndiye ninayemfunika. Nani atamfunika huko?

Mama ana hofu yake nyingine, na anaisema kila mara baba anapojaribu kuitaja shule: "Mtoto hasikii, hasemi. Akiumwa huko atamwambia nani?" Ni swali la mama mzazi na halina jibu zuri.

Lakini leo, huku nimeshika mkono huu unaouma, nimekumbuka mwezi wa kumi, siku niliyopewa ruhusa ya kuja kuchukua madaftari. Ilikuwa Jumapili mchana. Baba alikuwa anasahihisha mitihani, mama yuko kwenye cherehani, mimi napanga begi. Wote tulikuwa ndani ya nyumba. Mama alipotoka kuanika nguo akamkuta Novatus amelala nyuma ya jiko, amekunja magoti, ameng'ata kola ya shati, jasho limemlowesha. Tumbo lilikuwa limemshika tangu asubuhi. Tulikuwepo watatu, na hakumwambia mtu.

Hilo ndilo nitakalolisema kesho. Sitataja kitabu. Nitasema aende, na kwamba kabla hajaenda na sisi tutafute mtu wa kutufundisha hiyo mikono, hata kama ni maneno kumi tu ya kuanzia. Huenda mama asiniongeleshe mpaka nirudi shule. Nitalisema tukitoka misa ya kwanza, pale mlangoni kwetu, kabla mama hajavua viatu vya kanisani, kwa sababu akishakaa nitamwonea huruma na nitashindwa.